Lee Marvin Alivyokata Roho Sebuleni kwa Baba Mkubwa

Pleya ya santuri ilitoka Marekani ndani ya kontena, imeviringishiwa blanketi, ikiwa na santuri moja tu: nyimbo za filamu ya Paint Your Wagon ya 1969. Baba mkubwa akanunua transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110, akaalika wageni. Mimi niliitwa kama fundi wa ukoo, maana yake nije nibebe spika.

Akaanza na Wand'rin' Star. Lee Marvin, mwigizaji asiye mwimbaji, aliuimba mwenyewe, na Machi 1970 ukakaa namba moja Uingereza wiki tatu huku Let It Be ya The Beatles ikigotea namba mbili. Sauti iliyotoka ilitikisa vikombe vya chai. "Mnasikia? Huyo ndiye mwanamume!" Hakuna aliyeshuku, kwa sababu hata siku njema Lee Marvin huimba kama mtu anayekokota kabati sakafuni.

Balaa lilianza kwa Clint Eastwood, mwigizaji mwenzake. Kwenye filamu ile sauti yake ni nyembamba, ya upole. Hapa akawa Lee Marvin wa pili. Ukaja wimbo wa Jean Seberg, mwigizaji wa kike wa filamu hiyo, akaimba mwanamume. Baba mkubwa hakutetereka: alishasoma mahali kwamba Jean Seberg aliimbiwa. Ni kweli, ila aliyemwimbia ni Anita Gordon, mwanamke.

"Basi siku hiyo alikuwa na mafua," akaamua.

Mama mkubwa, ambaye kwaya nzima inamjua kwa sauti ya kwanza, alijaribu kufuatisha akajikuta anaimba ya pili. "Mzee, kitu chako kinaburuta."

Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, nikahesabu kwa saa ya simu: mizunguko 28 hivi kwa dakika, badala ya 33 na theluthi. Mota ya pleya za namna hii haifuati volti, inafuata hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka-geuka kwa sekunde. Marekani ni 60, kwetu 50, na transfoma hushusha volti tu, hezi haizigusi. Kwa hiyo wimbo wa dakika 4 unakwenda dakika 4 na sekunde 48, na sauti inashuka nusu-toni tatu na ushee. Kuhamia spidi ya 45 hakusaidii, unapata 37.5. Tulijaribu, Lee Marvin akanyolewa ndevu zote.

Dawa yake ni puli ya hezi 50, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda wa kuzungusha santuri, iliyo nene zaidi kwa asilimia 20. Nikasema tuagize.

"Mwanangu, wageni wameshafika," akajibu, akachomoa mfukoni tepu nyeusi ya umeme.

Puli ilikuwa na kipenyo cha milimita 10. Ili ifike 12 inataka unene wa milimita 1 kuizunguka, yaani tabaka saba au nane za tepu. Akazungusha mwenyewe, ulimi nje. Nikamweleza kwamba ncha ya tepu itaacha ngazi, mkanda utairuka kila mzunguko na sauti itayumba. Tena mota ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 inachemka, na gundi ya tepu haipendi joto. Akanikumbusha kwamba yeye kafanya kazi reli.

Mwanzoni, haki yake nimpe, mambo yalinyooka. Anita akarudi kuwa mwanamke. Kisha wakamtaka Lee Marvin tena. Gundi ikaanza kuvuja, tabaka la juu likateleza, mkanda ukainasa ncha na kuanza kuibandua tepu. Neno moja likachukua muda wa ubeti mzima, likageuka mngurumo, kisha kimya.

Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafumbua macho. "Amefariki?"

"Agosti 1987," nikasema. Akavua kofia.

Nikaisafisha puli kwa spiriti. Ndani ya lile blanketi kulikuwa na inveta ndogo ya gari, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya Kimarekani: volti 110, hezi 60. Nikaichomeka kwenye gari la mgeni, waya ukapita dirishani. Mota ilinung'unika kidogo, maana inveta za bei nafuu hazitoi wimbi safi, lakini karatasi nilipoihesabu ilisoma 33. Anita akawa Anita, Clint akawa Clint, mama mkubwa akapanda sauti ya kwanza bila kukunja uso. Ikafika zamu ya Lee Marvin, akaunguruma vilevile alivyorekodiwa.

Baba mkubwa alisikiliza kidogo tu, akaanza kujipapasa mfukoni. "Bado inaburuta. Tepu yangu iko wapi?"