Baada ya Tanga, Barabara ya Tunduma

Sisi tunaoishi Marekani, simu ya msiba ikiingia usiku, cha kwanza tunachotafuta ni tiketi, cha pili mchango, cha tatu ruhusa ya kazini. Nimewaona Watanzania wengi hapa Houston wakipita njia hiyo. Mtu anatua Dar, anazika au anakuta wameshazika, analipia viti na pilau, anakaa kwenye kikao cha ukoo akisikilizwa kwa sababu ndiye aliyetoa kingi, kisha anarudishwa uwanja wa ndege akiwa amechoka kuliko alivyokuja. Naamini tunapanga vibaya. Fedha na siku zote zinaishia kwenye msiba, na hakuna kinachobaki kwa ajili ya ndugu tuliozaliwa nao tumbo moja.

Baba alipofariki mimi sikumzika. Sisi ni Waislamu, na maziko hayasubiri ndege. Nilifika Mbagala siku ya kuanua tanga. Turubai bado lilikuwa juu, majamvi yametandikwa, masufuria yako motoni uani, na shangazi zangu wamemzunguka mama chumbani. Nilipokelewa na mikono mingi, mingine ya watu ambao hata majina siwakumbuki. Tangu hapo sikubaki peke yangu. Nikienda kuoga, kuna binti wa jirani anasimama nje ya mlango kuniuliza kama maji yanatosha. Nikiamka usiku wa manane, kuna bibi ameamka kabla yangu na ameshika tasbihi. Nilikula kwa sababu kuna mtu alinishika mkono akauingiza kwenye sahani.

Hilo Marekani hulipati, na nalisema bila kuwadharau wenyeji wangu. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Niliporudi kazini nilikuta kadi imetiwa saini na wenzangu wote, na walimaanisha walichoandika. Lakini baada ya kadi hakuna kingine. Hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri kukupa hata siku moja ya msiba. Ile sheria ya likizo za kifamilia ya mwaka 1993, inayotoa wiki 12 bila malipo, inakuruhusu kumuuguza mzazi. Akishafariki, imeishia hapo. Texas nayo haimlazimishi mwajiri binafsi kitu. Unachopata ni hisani ya kampuni. Tanzania, nchi tunayopenda kuisema kwamba haina mpangilio, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu, hata babu au mjukuu. Aliyeiandika sheria hiyo alimjua babu ni nani.

Ila wingi wa watu nao una gharama yake, na nyumbani hatupendi kuutaja. Muda wote wa msiba kaka yangu sikumuona ameketi. Alikuwa akihangaika na maji, na mkaa, na sheikh wa kusoma khitma, na wazee wanaohitaji usafiri wa kurudi Morogoro. Daftari la michango alilishika kwapani kutwa nzima. Alikuwa amefiwa na baba, naye ndiye mwenyeji wa wageni wote. Maneno tuliyobadilishana yalikuwa "Umekula?" na "Bado yule wa turubai anadai." Msiba wetu unamlinda mfiwa asizame, lakini unamnyima nafasi ya kumlilia marehemu na yule pekee aliyempoteza mtu yuleyule.

Wazo la safari ambayo mimi na kaka tuliifanya baada ya msiba, kwenda Tunduma mpakani mwa Zambia, nililitoa Houston, lazima niseme haki. Mama mmoja Mmarekani ninayefanya naye zamu za usiku aliwahi kunisimulia kwamba mama yao alipofariki, yeye na dada yake waliingia kwenye gari wakashika barabara ya I-10 kuelekea magharibi. Hawakuwa wanakwenda kokote. Kutoka Houston mpaka El Paso ni kilomita kama 1,200, zote ndani ya Texas, na magharibi huko unaruhusiwa kukimbia maili 80 kwa saa. Wakati ananisimulia niliona ni mambo ya watu wenye petroli ya kuchezea. Baadaye nilielewa. Wenzetu hawa hawana tanga, hawana arobaini, lakini wana ruhusa ya kwenda mahali bila ya kuwa na shughuli huko, na hakuna shangazi wa kuwauliza.

Sisi tuliulizwa. "Mnakwenda Tunduma kumuona nani?" Baba mdogo hakuwa mkali, alikuwa anashangaa kwa dhati. Tunduma hatuna ndugu. Hela ya mafuta ingetosha kununua mchele wa arobaini. Na mtoto wa kike ametoka Ulaya (kwao Marekani ni Ulaya tu) anapakiwa kwenye gari badala ya kukaa na mama yake. Aliyekata shauri ni mama mwenyewe. Yeye alikuwa ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, hatoki. Alituita chumbani akasema, "Nendeni mkaione kazi ya baba yenu. Mimi nimeisikia kwa masikio tu miaka yote."

Baba alikuwa dereva wa malori. Alianza kama utingo mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye barabara iliyopata uhai wake kwa sababu ya Zambia. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia ilivurugika, na mafuta ya kwenda Lusaka na shaba ya kutoka huko vikahamia Bandari ya Dar es Salaam. Watu wa rika la baba walilishwa na siasa hiyo bila kuhudhuria mkutano wowote. Sisi watoto tuliijua barabara kwa majina ya mizani: Mikese, Makambako, Mpemba. Akipiga simu kwamba ametoka Mikese, mama anabandika sufuria jikoni.

Tulikwenda na IST ya kaka. Zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi Tunduma huwezi kuzimaliza kama Texas, na usijaribu. Kila kijiji ni 50, na trafiki mwenye tochi amekaa chini ya mti. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na kuna kibao chenye orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Watalii wanalipa dola kuwaona tembo ambao baba aliwapita bure maisha yake yote, akiwalaumu kwa kumchelewesha. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Dirisha lilijaa mabeseni kabla gari halijasimama.

Kisha Kitonga. Aliyepita pale anajua: mlima mkono mmoja, korongo mkono wa pili, na mbele yako semi imebeba shaba au mbolea inapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Huwezi kupita. Mbele zaidi kulikuwa na matawi mabichi yametupwa barabarani, ile alama yetu kwamba kuna lori limekufa kwenye kona. Tulikaa nyuma ya semi ile muda mrefu, tukinusa breki za malori yanayoteremka. Hapo ndipo kaka alipoanza kuzungumza, macho yake yakiwa kwenye bampa la mbele.

"Unajua mdogo wangu, wewe ukipiga simu baba alikuwa anataka nimkalishe kwanza. Anakohoa kidogo kusafisha sauti, ndiyo anapokea. 'Mimi mzima, mama, vipi huko baridi?' Ukikata tu, ananiambia, haya nilaze."

Nami nikamwambia jambo ambalo kwenye simu haliwezi kusemwa. Kwamba kule ninakozipata fedha ninazomtumia, kazi yangu ni kuwageuza wazee kitandani na kuwaogesha. Kwamba usiku ule anaomwogesha baba yetu, mimi nilikuwa namwogesha baba wa mtu mwingine, na najua uzito wa mgongo wa mzee asiyeweza kujisaidia. Nilimuuliza alikuwa anamnyanyuaje. Akanieleza: mkono mmoja chini ya mabega, goti kwenye ubao wa kitanda. Ndivyo hasa tunavyokatazwa kazini kwetu, kwa sababu kunavunja mgongo wa mtunzaji. Nikamuuliza mgongo wake ukoje. Akanyamaza, akabadili gia, akasema, "Unauma."

Kwenye familia zetu nyingi zenye mtu nje, ndugu mmoja anageuka mfuko na mwingine anageuka mikono. Mwenye mfuko anadhani amebeba mzigo mkubwa kwa kuwa risiti zipo. Mwenye mikono hana risiti. Kila mmoja anaumia kwa namna ambayo mwenzake hakuishuhudia, na kwenye vikao tunakutana kama wadai. Sikuona njia ya kuumaliza ugomvi huu kwa video za WhatsApp. Gari limetusaidia kwa sababu zetu wenyewe: kwetu kaka na dada watu wazima hawaketi wakatazamana wakalia. Ndani ya gari mnatazama mbele wote wawili, na hakuna mtu anayebisha hodi.

Nilitarajia njiani tungekutana na watu wa kutusimulia baba. Haikuwa hivyo. Mama ntilie wengi ni wasichana wadogo, na vibanda alivyokuwa akivitaja vimekuwa vituo vya mafuta. Ipogolo hakuna aliyemjua. Mafinga, kwenye mbao na baridi, hakuna. Ni Makambako, pale barabara inapokutana na reli ya TAZARA, kaka aliposimama gereji ya uchochoroni ili breki ziangaliwe. Fundi mmoja mzee aliuliza tumetoka wapi, tukamtajia jina la baba. Hakulikumbuka. Kaka akamwambia, "Alikuwa na Scania 113, kichwa cha bluu."

Mzee akatoka chini ya gari. "Bluu yenye taa tatu juu? Aliyekuwa hataki mtu mwingine afunge nati zake?" Tukasema ndiye. Akafuta mikono yake kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akasema innalillahi, akawaita mafundi wenzake. Wengi wao walikuwa Wakristo na hakuna aliyemjua marehemu. Walivua kofia wakasimama kati ya mafuta machafu na tairi kuukuu, mzee akaomba dua, upepo wa Makambako ukipiga mabati. Waliitikia amina wote. Hela ya breki alikataa kupokea. Kaka alitembea mpaka nyuma ya kontena, akalia huko, kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akilia tangu tukiwa watoto.

Sasa nikilinganisha, kwa kweli siwezi kuwaambia wenzangu kwamba nyumbani kila kitu ni bora. Bila yule mama wa zamu ya usiku nisingepata ujasiri wa kutoka kwenye nyumba ya msiba na kwenda mahali ambapo hatuna mtu. Uhuru huo nimeupata ughaibuni na naushukuru. Lakini I-10 ningeipita hadi El Paso, nikajaza mafuta kwa kadi kwenye mashine, nikalala hoteli, na hakuna mtu ambaye angenisikia nikitaja kifo. Barabara yetu haikuachi. Hata askari wa tochi pale Chimala, baada ya kaka kumweleza safari yetu, alisema "Poleni sana, jamani," ingawa faini aliiandika.

Tunduma yenyewe ni foleni. Malori yamejipanga kutoka mbali kuelekea mpaka wa Nakonde, madereva wanapika kando ya tairi, licha ya kile kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Tulikaa juu ya tuta tukala chipsi mayai tukihesabu vichwa vya bluu. Halafu tukazungumza habari za mama: dawa zake za presha, nani analala naye baada ya eda, na hela ninayotuma iingie kwa nani. Nilimwambia kaka iingie kwake yote, na ndani yake sehemu ni ya mgongo wake, na hilo halihitaji risiti.

Tuliporudi Mbagala kikao cha mirathi kilikuwa kinatusubiri. Baba mdogo alikuwa na pendekezo kwamba nyumba ipangishwe na mama ahamie Morogoro eda ikiisha. Mapendekezo ya aina hii, zamani, yangetukuta kaka ana lake na mimi nina langu, na wazee wangeamua katikati. Kaka akaomba ruhusa ya kusema, akaeleza kwa heshima kwamba mama atabaki kwake, nani atalala naye, na matumizi yatatoka wapi. Baba mdogo akanigeukia mimi, kama wanavyomgeukia mtu wa Marekani.

"Na wewe unasemaje?"

"Kama alivyosema kaka."

Akatuangalia wote wawili, akafunga daftari. Kikao kilikwisha kabla ya magharibi, na mama akaagiza chai kutoka chumbani.