Wino Umekwisha

Ilikuwa Julai, Makambako, baridi ile ya mtu kuongea huku meno yanagongana. Nina wiki ya pili kwenye kituo kidogo cha afya, chumba cha utrasaundi. Kazi yangu ilikuwa kupaka jeli, kufuta jeli na kukaa kimya. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inanishinda.

Foleni imefika mlangoni, roli la karatasi la printa ya picha likaisha. "Weka jingine," dokta akasema. Nikaweka kwa madaha, utadhani nilizaliwa nalo.

Akaingia binti mjamzito na bibi yake aliyejifunika blanketi.

"Kamwene!"

"Kamwene, bibi."

Kwenye skrini mtoto kaonekana vizuri, mkono shavuni. Dokta akabonyeza kitufe. Karatasi ikatoka taratibu, nyeupe pee. Akabonyeza tena. Pee. Ya tatu nayo pee.

Bibi akaokota moja, akaigeuza, akaiinua dirishani. "Mwanangu, mjukuu wangu mmempeleka wapi?"

"Wino umekwisha, bibi," nikajibu, tena kwa sauti.

Dokta akanitazama kama mbuzi aliyekula cheti cha mtu. Akaeleza: kumbe printa ile haijawahi kuonja wino. Dawa imepakwa kwenye karatasi yenyewe, upande mmoja tu. Printa inaichoma kwa joto, inageuka nyeusi. Mimi roli nimelipachika kinyume, kwa hiyo mtoto wa watu anachapwa mgongoni mwa karatasi.

Dokta akakwaruza kipande kwa ukucha: hakuna kitu. Akakigeuza, akakwaruza tena: mstari mweusi. "Umeona?" Nimeona. Hata bibi kaona, akakinyakua naye akakwaruza, akachora kitu kama kuku.

Nikageuza roli mikono ikitetemeka, nikasingizia baridi. Safari hii pua ikatoka, na kidevu, na kile kimkono. Binti akacheka mpaka machozi.

"Hii msiiweke juani wala karibu na moto," dokta akawaonya. "Itakuwa nyeusi yote."

Bibi akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akanyoosha mkono. "Na zile tatu."

"Zile hazina kitu, bibi."

"Ukoo wetu una mapacha, dokta. Hao wamejificha tu." Akazikusanya mezani moja moja. "Wewe si umesema wanatokea kwa joto? Nitawaweka jikoni, karibu na mafiga."

Dokta akanigeukia, akisubiri nimweleze.

Nikachukua kitambaa, nikafuta jeli.