Luteni Kijana na Uamuzi Asioweza Kuuahirisha

Anapotoka Chuo cha Kijeshi Monduli na nyota moja begani, Luteni Usu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hukabidhiwa askari ambao masajini wao wamemzidi umri na uzoefu. Chuo kimemfundisha ramani, silaha na utii; kuamua wakati mkubwa wake hayupo atajifunzia kikosini, ikiwa yupo wa kumfundisha.

Wanaotaka vijana hawa wazoeshwe kuamua mapema wana hoja nzito, na kwetu visiwani hoja hiyo inaonekana baharini. Tuchukue boti ya doria ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, usiku wa kusi, nje ya bandari bubu ya kaskazini mwa Pemba. Mbele lipo dau lisilo na taa, linashukiwa kubeba karafuu za magendo kuelekea Kenya, na limeshaanza kuingia maji. Luteni wa boti akilisogelea mno, mawimbi yatavigonganisha vyombo. Akingoja amri kutoka makao makuu Kibweni, huenda watu wakazama.

Wanaopinga hukhofia kwamba kijana aliyezoea kuamua mwenyewe ataacha kutii, na hukumbusha Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, walipoasi Dar es Salaam, kisha Tabora. Hofu yao naiheshimu, lakini tukio lenyewe nalisoma vyengine. Walioasi walidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wameshika uongozi, na maafisa Waafrika ambao wangesikiliza kero zao mapema walikuwa wachache mno.

Pingamizi linalonipa taabu zaidi ni jengine. Mkubwa akipewa kazi ya kumlea kijana, atamchagua nani? Visiwa vyetu ni vidogo, tunajuana kwa ukoo na kwa mitaa, na malezi hugeuka kubebana kwa urahisi. Kwa hivyo siwaungi mkono wanaotaka kila luteni awe na mlezi wake wa faragha. Naona bora kikao cha baada ya doria, maafisa wote wakiwapo, kijana aeleze aliona nini, alikhofia nini na kwa nini aliamua vile, kisha kamanda aeleze yeye angefanyaje. Nidhamu haivunjiki, kwani kinachojadiliwa ni amri iliyokwisha kutekelezwa. Ni kweli kwamba makamanda wengi hawana muda wa ziada, na baadhi yao watasita kuhojiwa mbele ya wadogo. Ndiyo maana kikao hicho kiingizwe katika ratiba ya kikosi kama lilivyo gwaride, kisiachiwe hiari ya mtu.