Baada ya stroki, tuamini picha ya ubongo au tumwangalie mgonjwa?

Mgonjwa wa stroki akishachomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au akishatolewa lile bonge kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa kuanzia kinenani, swali linabaki moja tu: imesaidia au haijasaidia? Hapo ndo watafiti wanapogawanyika. Wengine wanasema mpige MRI, angalia eneo lililokufa limekua au limebaki pale pale. Wengine wanasema picha achana nayo, subiri miezi mitatu halafu uone kama anatembea, anavaa nguo mwenyewe, karudi kazini. Mi nasema mapema nimeegemea wapi: picha ni nzuri sana kwa kuchagua nani atibiwe vipi, ila kuipa kazi ya kutoa hukumu kwamba tiba imefaulu, inapwaya.

Lakini watu wa picha wana hoja yao na tusiwaonee. Kile kipimo cha miezi mitatu kinaitwa Rankin, kina ngazi 0 mpaka 6, 0 hana dalili yoyote na 6 ndo kafariki, na kusema kweli ni kipimo butu. Dawa inaweza kufungua mshipa vizuri kabisa, halafu wiki ya pili mgonjwa akapata nimonia, au akarudi nyumbani hakuna wa kumfanyisha mazoezi, au akaingiwa na sonona hataki hata kuamka, na ile namba ikatoka mbaya kana kwamba dawa haikufanya kitu. Afu wahojaji wawili wanaweza kumpa mgonjwa huyo huyo namba mbili tofauti. Picha inaruka hayo yote, inakuonyesha tishu yenyewe, na inakupa jibu mapema, kwa hiyo hata wagonjwa wachache unaweza kuanza kuona kama dawa ina dalili ya kufanya kazi.

Jaribio la EPITHET la mwaka 2008 lilitoka kwenye fikra hiyo. Walichukua wagonjwa 101, wakawapa alteplase, yani ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au dawa bandia kati ya saa ya 3 na ya 6 tangu stroki ianze, na kipimo chao kikuu kilikuwa eneo lililokufa limekua kiasi gani. Jibu likaja la kuudhi: kwa waliopata dawa eneo halikukua sana kama kwa waliopata dawa bandia, ila tofauti haikutosha kitakwimu. Kilichoonekana wazi ni kwamba dawa ilirudisha damu kwa watu wengi zaidi, na waliorudishiwa damu ndo waliopona vizuri. Yani kila upande ukaondoka na chake mkononi.

Kwenye kuchagua wagonjwa sasa, hapo sina ubishi kabisa. Lile jaribio la NINDS la 1995 lililoingiza hii dawa hospitalini lilitumia CT skani ya kawaida kwa sababu moja tu, kuhakikisha hakuna damu iliyovuja, baada ya hapo kila kitu kiliamuliwa na saa ya ukutani, ukizidisha masaa 3 umekosa. Mtu aliyelala mzima akaamka amepooza alikuwa hana bahati, manake nani anajua ilianza saa ngapi? Jaribio la WAKE-UP la 2018 likaja na ujanja, kuna aina moja ya picha ya MRI inaonyesha jeraha mapema sana na nyingine inachelewa masaa kadhaa, kwa hiyo ya kwanza ikionyesha na ya pili bado basi stroki ina uwezekano mkubwa ni changa, mtibu. Na jaribio la DAWN, nalo lilitoka 2018, likachukua watu waliokuwa na masaa 6 mpaka 24 tangu waonekane wazima mara ya mwisho, ambao dalili zao zilikuwa kubwa kuliko eneo lililokufa kwenye picha, baadhi likawatoa bonge, na baada ya siku 90 waliokuwa wanajitegemea ni 49% dhidi ya 13% ya wasiotolewa. Bila picha wale wote wangeambiwa mmechelewa.

Shida inaanza picha inapogeuka hakimu. Kwa miaka mingi mgonjwa akionekana ana eneo kubwa limeshakufa alikuwa anaachwa, hoja ikiwa kuokoa hakuna faida na damu inaweza kuvuja. Wajapani wakaamua kujaribu kwa watu hao hao, RESCUE-Japan LIMIT, 2022. Waliotolewa bonge walivuja damu kichwani zaidi, kwa asilimia 58 dhidi ya 31, na ukiwa unaangalia picha peke yake ungesema hii tiba inaumiza watu, isimamisheni. Lakini walioweza angalau kutembea bila kushikwa na mtu walikuwa 31% dhidi ya 12.7%! Mwaka uliofuata SELECT2 na ANGEL-ASPECT zikaja na jibu la upande huo huo. Hapo picha na mgonjwa walisema vitu viwili tofauti, na aliyekuwa sahihi ni mgonjwa.

Tena kuna uchambuzi uliounganisha majaribio saba ya kutoa bonge ukauliza, faida waliyopata wagonjwa ni kiasi gani inaelezwa na kupungua kwa eneo lililokufa? Ikawa kama 12% tu. Haishangazi sana ukifikiria mahali, jeraha dogo kwenye njia ya nyuzi za mwendo linakupoozesha upande mzima wakati kubwa la mbele mtu anaweza akatembea nalo. Na unapima siku ya ngapi? Siku ya tatu ubongo umevimba, jeraha linaonekana kubwa kuliko lilivyo, wiki ya pili au ya tatu kwenye CT linaweza hata kujificha, miezi ikipita linasinyaa.

Huku kwetu hili linakuja kwa sura nyingine. Familia inaambiwa mzee anaendelea vizuri, wanachanga warudie MRI waone "kama amepona", majibu yanatoka doa bado lipo, nyumba nzima inalia. Doa lile litabaki hata kwa mtu aliyepona kabisa, ni kovu. Hela ile mi naona ingeenda kwa fizio, yale mazoezi ya viungo, ambayo wengi wanaikatisha mapema kwa sababu ya nauli. Kurudia picha kuna wakati wake: CT ya masaa 24 baada ya kuchomwa dawa ya kuyeyusha, kabla hajaanzishiwa aspirini, hiyo hairukwi, na mgonjwa akibadilika ghafla, kichwa kikagonga, akatapika au akaanza kusinzia ovyo, hapo akimbizwe skani saa hiyo hiyo, habari ya hela itajulikana baadaye.