Mkonga Si wa Kuogelea

Sisi madereva wa magari ya fowili, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, tuna deni na njia tunazozichafua, kwa hiyo kilabu chetu hulipa kwa kuokota taka. Zamu hiyo iliangukia ufuo wa kusini mwa Pangani. Tukavuka na kivuko hadi Bweni na viroba vya salfeti, glovu nene na visu. Visu ni vya nyavu: wavu uliofukiwa hukatwa vipande, hauvutwi kwa gari, maana hung'oka na mizizi ya mikoko.

Gari halipandi mchanga mkavu wa juu, huko ndiko kasa hutaga. Mayai hukaa chini siku kama 50 hadi 60, na tairi likishindilia pale vitoto havitoki. Basi magari hupita chini, kwenye mchanga mbichi, na huko bwana mkubwa ni maji.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu bamvua hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, bahari ikakaa mbali hadi ukadhani imehama. Kurudi huanza kwa adabu. Saa ya tatu na ya nne tangu kupwa ndipo maji hupanda mbio.

Saa saba mchana, mwenyekiti akashusha gari lake lenye mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, limejaa viroba, hadi mdomo wa kijito. Wengine tulishatoa upepo wa tairi hadi psi 16, ili zitambae zisichimbe. Yeye alibaki na 35 ya lami. Alisema ana gari, hana baiskeli.

Mdomo wa kijito, juu mgumu, chini maji yanapita kimyakimya. Gari likazama kidogo. Akakanyaga mafuta! Tairi likizunguka pale pale linajichimbia kaburi, na gari likakaa kwa tumbo.

Kwanza mzigo ushushwe, kisha mchanga utolewe tumboni na mbele ya tairi, ndipo uvute. Viroba tukaviweka pembeni. Winchi, mashine ya kuvuta gari kwa waya, ikahitaji mnazi, na chini ya mnazi palikuwa na bibi anasuka makuti.

"Shikamoo bibi. Tunaomba kufunga waya hapa."

"Marahaba. Ukianguka mtanipa gari?"

"Tutakupa, bibi."

Akalitazama lile gari. "Lile? Basi, sitaki."

Ikabidi tufukie tairi la akiba liwe nanga badala ya mnazi. Shimo lifike mapajani, tairi lisimame wima, ubapa wake uelekee gari, na waya uchimbiwe mtaro ili uvute kwa chini. Mwenyekiti akasema mtaro ni kupoteza muda. Winchi ikavuta, waya ukanyanyuka, tairi likang'oka kama muhogo. Heri tulikuwa tumetandika zulia bichi juu ya waya usiruke, na watu wako mbali.

Hapo ndipo mtu akauliza, "Nani alifunga midomo ya viroba?"

Kimya. Chupa zilikuwa zinaondoka moja moja, zikifuatwa na kandambili.

"Jamani," mvuvi mmoja akasema, "mkonga ni wa kupumulia, si wa kuogelea."

Wenzake wakaleta vigogo vya kuvingirishia mashua, wakavisukumiza mbele ya tairi. Upepo ukashushwa hadi 12, gari jingine likavuta taratibu, sisi nyuma na maji kiunoni. Harambee ya tatu likatoka. Mwenyekiti akaambiwa aoshe breki na chasisi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, akague na mafuta ya difu, gia za katikati ya ekseli: yakigeuka meupe, maji ya chumvi yameingia, yamwagwe yote. Akaitikia huku anakamua soksi.

Watoto wakatia nanga na ngalawa imejaa chupa zetu.

"Tunauza kwa kilo," mkubwa wao akasema.

"Lakini hizo ni zetu," mweka hazina akalalamika.

"Mlizitupa baharini, tumewaona."

Mizani ya samaki ikaletwa. Mweka hazina akalipa, akaomba na risiti. Dogo mmoja akainua furushi jingine: "Na kandambili je?"