CG125 ya zamani: spea za bodaboda ziingie wapi, na wapi zisikanyage

Siku hizi mtu akipata Honda CG125 ya miaka ya 1970 au 1980 iliyolala uani, mambo huenda hivi: injini inachomolewa nzima, inafungwa mpya ya Kichina kutoka duka la spea za bodaboda, tenki linapigwa rangi nyekundu ya kung'aa, kisha inatangazwa kwamba pikipiki imefufuliwa. Kilichobaki pale ni fremu na jina. Kinachouma zaidi ni kwamba ile injini iliyouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu mara nyingi ilihitaji tu ringi, oili sili na usafi wa maana.

Sipingi spea za bodaboda. Bila hizo, kufufua CG125 nyumbani kungekuwa kazi ya matajiri. Honda waliitoa pikipiki hii mwaka 1976 wakiwa na nchi zetu akilini: barabara mbovu, mizigo mizito, oili isiyobadilishwa kwa wakati. Wakaacha mnyororo wa kamu, wakaweka kamu (chuma chenye nundu kinachofungua vali) chini, inayozungushwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na fimbo mbili za kusukuma vali. Hakuna mnyororo wa kulegea, hakuna tensheni ya kukaza. Mwaka huohuo ikaanza kutengenezwa Manaus, Brazil. Baadaye viwanda vya China vikainakili kwa wingi, na ndiyo maana leo ukiingia Kariakoo au Kirinyaga Road unakuta gasketi, kebo na ringi zinazokaribiana sana na za pikipiki yako ya zamani.

Ila ujue kusoma injini ya kunakili kabla hujanunua. Ukikuta imeandikwa 156FMI, hiyo ni silinda moja, kipenyo cha milimita 56 na ushei, 125 cc: ndugu wa CG. Ikiwa ni 162FMJ, hiyo ni ya 150, kipenyo 62, na pistoni yake haikuhusu. Boxer na TVS si wa ukoo huu kabisa, kamu zao ziko juu kwenye hedi, kwa hiyo muuza duka akikwambia "zote zinaingiliana" mshukuru uondoke.

Mpaka wangu nauweka hapa. Kitu kilichoundwa ili kiishe na kibadilishwe, nunua cha bodaboda bila aibu: kebo, viatu vya breki, mnyororo wa 428 na sproketi zake, raba za miguuni, gasketi, plagi ya jina linaloaminika. Kitu kinachobeba injini kwa miaka, yaani krenki, kamu, gia, hedi, kabureta na habu za magurudumu, baki na cha Mjapani mpaka vipimo vikatae. Vyuma vile vilitiwa ugumu kwa uangalifu na kukerezwa kwa vipimo ambavyo nakala za bei nafuu mara nyingi hazivifikii. Kamu ya nakala inaweza kuliwa uso mapema, nawe ukabaki unarekebisha vali kila wiki bila kujua kwa nini hazitulii. Kwenye CG jambo hili ni zito zaidi kwa sababu vali zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea, zinasukumwa na nundu moja ileile ya kamu. Ikiliwa hiyo, zote mbili zimeumia.

Kabla ya spana yoyote, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi au logbook. Ukigundua baadaye kwamba hazilingani, TRA (Tanzania) au NTSA (Kenya) hawatajali umetumia muda gani kwenye rangi. Na ukifika kwenye kazi ya fremu, usipitishe msasa wa mashine juu ya namba. Ifunike kwa utepe, isafishe kwa mkono.

Halafu skrubu. Pikipiki nyingi za Kijapani za umri huu zimeharibiwa na bisibisi kuliko zilivyoharibiwa na barabara. Vichwa vya skrubu za makava ya injini ni vya nyota, lakini nyota ya Kijapani mtaro wake si sawa na wa bisibisi ya kawaida ya Phillips. Ncha ya Phillips haikai mpaka chini, ukitia nguvu inapanda na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya kipimo cha JIS (viwango vya Kijapani), au bisibisi ya kugonga kwa nyundo yenye ncha namba 3. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, gonga kichwa mara mbili tatu ili kutu ipasuke, ndipo ugeuze. Wakati wa kurudisha, watu wengi huweka bolti za alleni za M6. Sina ugomvi nazo, mradi usikaze kama unafunga geti: 10 Nm hivi (kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza) zinatosha, zaidi ya hapo unang'oa nyuzi za alumini na kujitafutia kazi ya kuchonga nyuzi upya.

Fungua kava la kulia, upande wa klachi. Hapa ndipo palipo na kitu ambacho mafundi wengi hawakigusi maisha yote ya pikipiki. CG125 haina filta ya karatasi. Ina wavu mdogo, na mwisho wa krenki kuna kikombe kinachozunguka nayo: oili inapita ndani, uchafu mzito unatupwa pembeni na kuganda ukutani. Kifuniko chake kimeshikwa na skrubu 3. Kifungue. Kwenye injini iliyotumika bila huduma utakuta tope jeusi gumu kama lami, na wakati mwingine limejaa kiasi kwamba njia ya oili imebaki tundu la sindano. Oili inayokwenda kwenye beringi ya konrodi (chuma kinachounga pistoni na krenki) inapitia hapo. Ukifunga ringi mpya na kuliacha tope hilo, umeiandaa krenki ife. Kwangura kwa kijiti cha mbao, osha kwa mafuta ya taa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ikiwa lazima kikombe kitoke ili ufike kwenye klachi, nati yake ni ya mviringo yenye mitaro na inahitaji soketi yake maalumu. Fundi yeyote wa kukereza atakuchongea moja kutokana na soketi ya zamani. Usikubali tindo na nyundo. Alama za tindo kwenye nati hiyo ni dalili ya kwanza ninayoitafuta nikitaka kujua injini imepitia mikono gani.

Krenki yenyewe ipime kwa mkono kwanza. Shika konrodi, ivute juu na chini ikiwa kwenye kilele. Kucheza kidogo kwenda kushoto na kulia ni kawaida, lakini mchezo wa juu na chini hautakiwi hata kidogo. Ikicheza, usinunue krenki nzima ya nakala. Nunua seti ya konrodi, pini na beringi yake, umpelekee fundi mwenye presi na geji ya saa. Mwambie unataka kuona yeye mwenyewe akiipima baada ya kuibana: ikizunguka kwa kuyumba zaidi ya 0.1 mm, irudi kwenye presi. Beringi za pembeni zimeandikwa namba ubavuni, isome hiyo namba na uende nayo duka la beringi, si duka la pikipiki. Ikifuatwa na C3, dai C3, maana hiyo ni nafasi ya ziada kwa ajili ya joto.

Silinda ni 56.5 kwa mwendo wa pistoni wa 49.5 mm. Pima juu, katikati na chini, kila mahali pande mbili, kwa sababu silinda huchakaa kiyai zaidi kuliko kiduara. Pengo kati ya pistoni na silinda likikaribia 0.1 mm, ni wakati wa kukereza. Ovasaizi (pistoni kubwa kidogo kuliko ya kiwandani) zinapanda kwa 0.25 mm. Kosa la kawaida ni kutangulia kukereza. Pistoni inunuliwe kwanza, ipimwe, kisha silinda ikerezwe kuifuata hiyo. Pistoni mbili za 0.50 kutoka viwanda tofauti hazilingani kila mara. Linganisha na ya zamani tundu la pini na urefu kutoka pini hadi kichwani. Hapa naruhusu kununua mpya, na kama una ndugu au rafiki anayeagiza vitu kutoka Pakistan, mtumie: Atlas Honda wameendelea kuitengeneza CG125 huko muda mrefu baada ya Japani kuacha, na spea zake ni za kuaminika. Ringi ziingize kwenye silinda tupu upime pengo la ncha. Kati ya 0.15 na 0.35 mm uko sawa, ikifika 0.5 zitupe.

Vali zisage kwa uji wa kusagia, kisha geuza hedi na ujaze petroli kwenye njia ya kuingizia na ya kutolea. Dakika chache, pasiwe na unyevu upande wa pili. Uwazi wa vali ni 0.08 mm zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mkandamizo.

Kabureta ya Keihin ndiyo inayotupwa haraka kuliko vyote, na inabadilishwa na PZ26 ya nakala. Ukweli ni kwamba nyingi hazikuharibika, zimeziba. Jeti ndogo ya mwendo wa chini ina tundu lisilofika nusu milimita. Petroli iliyokaa miaka huacha gundi humo, kisha mtu anachokonoa kwa waya wa chuma, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo injini inakunywa mafuta na kufukiza plagi. Loweka jeti, puliza kwa hewa, tumia uzi wa nailoni. Skrubu ya hewa anza mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa, rekebisha injini ikiwa moto. Kinachoweza kuikatisha maisha kweli ni kile kipande kinachoteleza ndani kikichakaa hadi kupitisha hewa. Kishike kikiwa mahali pake, kikigonga kushoto na kulia kwa sauti, hapo ndipo uzungumzie kabureta nyingine.

Umeme ndiko mchanganyiko wa zamani na bodaboda unakovuruga watu zaidi. CG za mwanzo ni volti 6 na zina kontakti zinazofunguka na kufunga. Bodaboda ni volti 12 na CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachotoa cheche badala ya kontakti. Huwezi kuchukua koili ya huku na CDI ya kule. Ama unabadilisha kila kitu pamoja, stata, gurudumu la sumaku, CDI, koili, regyuleta, betri, honi, balbu na flasha, ama unabaki na ulichonacho. Ushauri wangu ni kubaki. Kontakti safi zenye uwazi wa 0.35 mm, zikifunguka pale alama ya F ya gurudumu la sumaku inapokutana na alama ya kwenye kava, zinawasha kwa kiki ya kwanza. Mguu wa kontakti ukiisha, uwazi unapungua na moto unachelewa: pikipiki inapata joto na kukosa nguvu mlimani. Tone la grisi kwenye kamu yake linazuia hilo. Kondensa ndiyo ya kubadilisha, na usinunue ya bei ya chini kuliko zote.

Tenki lenye kutu ndani lisimiminiwe rangi ya kuziba kabla ya kusafishwa, kwa sababu rangi hiyo hubanduka na kuziba koki. Osha kwa maji ya sabuni mara kadhaa mpaka harufu ya petroli iishe. Jaza maji yenye magadi soda, kijiko cha chakula kwa kila lita 4. Ning'iniza kipande cha nondo katikati kupitia mdomo wa tenki, kisiguse chuma popote. Chaja ya betri: hasi kwenye tenki, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utakula tenki badala ya kutu. Fanya nje, maana gesi inayotoka inalipuka, na kamwe usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kinatoa sumu ndani ya maji. Baada ya siku moja suuza, kausha upesi kwa hewa ya moto, zungusha oili kidogo ndani. Wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja wasiache tenki tupu hata usiku mmoja, hewa ya chumvi huanza kazi mara moja.

Rangi ni ya mwisho, na mara nyingi si lazima. Tenki lenye rangi ya kiwandani iliyofifia naliheshimu kuliko lililopakwa upya. Ukiamua kupaka, ujue rangi za kuchanganya na hadna zina kemikali inayoharibu mapafu ambayo barakoa ya kitambaa haizuii, mpelekee mwenye chumba chake. Na lile kava refu linalofunika mnyororo wote, ambalo vijana hulitupa kwa kuliona la kizee, lirudishe. Ndilo linalofanya mnyororo udumu kwenye vumbi letu.

Oili ni lita 0.9 hivi, ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi inaogelea humohumo na oili nyingine za magari huifanya iteleze. Piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili oili ipande kwanza. Kilomita 500 za mwanzo usiibane, usipakie mtu, lakini usiitembeze kwa mwendo mmoja pia, maana ringi hukaa vizuri kasi ikipanda na kushuka. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 100. Kwenye 500 mwaga tena, pima vali tena ikiwa baridi, na kava la kulia lifunguliwe kwa mara nyingine: kile kikombe kitakuwa kimekusanya unga wa chuma wa ringi mpya, nao utoke kabla haujaganda.