Jaji Mkuu aondoke siku yake ikifika

Kila tukibadilisha Jaji Mkuu hapa Tanzania mjadala unaenda kulekule, nani kamteua, kwanini Rais peke yake, kwanini na sisi tusifanye kama Kenya watu wanahojiwa kwenye TV nchi nzima inaangalia. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2025 alipoondoka Profesa Ibrahim Juma akaingia Jaji George Masaju, na ndivyo ilivyokuwa 2017. Swali hilo silidharau hata kidogo, ila naona kuna lingine tunaliruka ambalo kwangu ni zito kuliko hilo, kwamba huyu mtu anatakiwa aondoke lini, na hiyo tarehe kaishika nani. Wale waliolipigia kelele hili mwaka 2023 walichukuliwa kama watu wenye kinyongo na Profesa Juma, na nadhani hawakutendewa haki, maana hoja yao haikuwa yeye.

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Ibara ya 120 ya Katiba inasema Jaji wa Rufani anaacha kazi akitimiza miaka 65. Profesa Juma alitimiza Juni 2023, Rais akamuongezea muda, akaendelea mpaka Juni 2025. Ibara hiyohiyo kwenye ibara ndogo ya 3 inampa Rais nafasi ya kuagiza Jaji wa Rufani aliyefikisha 65 aendelee kwa manufaa ya umma, jaji mwenyewe akikubali kwa maandishi, kwa muda ambao Rais atautaja. Waliounga mkono walisimamia hapo, kwamba Jaji Mkuu naye ni Jaji wa Rufani. Waliopinga wakasema hapana, kiti cha Jaji Mkuu kina ibara yake, ya 118, na huwezi kuchukua mlango uliowekwa kwa ajili ya majaji wa kawaida ukampitishia mkuu wa mhimili mzima wa Mahakama. Kisheria kila upande una pa kushika.

Wanaotetea kuongeza muda wana hoja mbili ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza, 65 ni mapema kwa jaji. Kenya ni 70. Mtazame marehemu Jaji Augustino Ramadhani, alishika kiti Julai 2007 na Desemba 2010 umri ukamtoa, miaka mitatu na nusu tu, halafu tukaenda kumuona kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha akiwa jaji na baadaye Rais wa mahakama hiyo. Yaani kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi vizuri kabisa, ni sisi tu tulikiacha kiende. Ya pili ni kazi kukatika katikati. Kipindi cha Profesa Juma Mahakama ilikuwa inahamia kwenye mifumo ya kielektroniki na inajenga makao makuu mapya Dodoma, jengo likazinduliwa Aprili 2025, miezi miwili kabla hajatoka. Ukimtoa mtu 2023 mradi uko nusu, anayekuja anaanza kusoma mafaili upya. Hayo yote nayakubali.

Lakini sasa tuangalie waliotangulia, maana hapa ndipo mimi huwa nakwama kila nikilifikiria suala hili. Francis Nyalali alistaafu 2000 akiwa na 65. Barnabas Samatta 2007, 65. Ramadhani 2010, 65. Mohamed Chande Othman Januari 2017, 65. Wanne mfululizo, chini ya marais watatu tofauti, Mkapa, Kikwete mara mbili kama unavyoona, na Magufuli akiwa ndio mwaka wake wa pili, hakuna aliyeongezewa.

Na katika hao wanne naomba nikae kidogo kwa Nyalali. Mwalimu Nyerere alimteua 1977 akiwa na miaka 42, akakaa miaka 23. Alikuwepo enzi za chama kimoja, alikuwepo haki za msingi zilipoingizwa kwenye Katiba 1984 na majaji wakaanza kujifunza kuzitumia, na 1991 ndiye aliyepewa ile Tume ya kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi, ambapo karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kibaki na Tume bado ikapendekeza vyama vingi. Sasa niambie, kama kuna mtu ambaye Rais angeweza kusimama akasema huyu namuongezea kwa manufaa ya umma na hakuna ambaye angebisha, si ndio huyu? Miaka 23 ya uzoefu, uchaguzi wa pili wa vyama vingi uko mlangoni mwaka huohuo wa 2000, majaji wengi wa nchi wamekua chini yake. Aliondoka. Mahakama haikuanguka, Samatta akaingia na kazi ikaendelea. Kwahiyo nikisikia kwamba 2023 hakukuwa na namna nyingine huwa najiuliza hiyo namna ilipatikanaje mara nne zilizopita.

Niwape mfano wa nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa mhasibu kwenye taasisi moja ya umma, na alikuwa na sifa moja, kalamu nyekundu. Vocha ikija haina risiti anaizungushia duara jekundu, anairudisha, hata iwe imesainiwa na bosi mwenyewe. Walimchukia lakini walimheshimu. Alipostaafu wakampa mkataba, mwaka mmoja, halafu mwingine mmoja. Mkataba wa kwanza ulipokaribia kuisha mimi nilikuwa nakaa kwake, nikamuona jioni kaja na mafaili nyumbani, kafika kwenye vocha yenye kasoro, kaishika muda mrefu, kisha akachukua simu akampigia bosi kumuuliza kwanza. Hakuiba, hakupitisha kitu kibaya, na kesho yake risiti ililetwa. Lakini zamani asingepiga ile simu. Nilimpenda sana yule mzee na najua ilimuuma, kwa sababu baada ya hapo aliiacha ile kalamu mezani ofisini akawa haji nayo nyumbani tena.

Hicho ndicho waliopinga walikuwa wanajaribu kusema. Sio kwamba Profesa Juma alipindisha kesi, mimi sina kesi hata moja ya kumnyooshea kidole wala siitafuti. Ni kwamba Serikali ni mdaawa, yaani mwenye kesi, mkubwa kuliko wote katika mahakama zetu, na mkuu wa Serikali ndiye anayetaja jaji aendelee mpaka lini. Na Jaji Mkuu sio jaji mmoja kati ya wengi, ndiye anayepanga jopo. Kesi ya mgombea binafsi ya Mchungaji Mtikila mwaka 2010 ilisikilizwa na majaji saba, Jaji Mkuu akiwa ndiye kiongozi wa jopo, na wakasema suala hilo ni la Bunge. Nani anakaa, wanakaa wangapi, hayo yanaanzia mezani kwake. Tena ndiye mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, inayomshauri Rais kuhusu majaji wa Mahakama Kuu. Ukimweka mtu mwenye meza hiyo kwenye muda wa kuongezewa unamuonea hata yeye mwenyewe, kwa sababu hukumu yoyote Serikali ikishinda, hata iwe ya haki tupu, mtu wa mtaani ataihesabia ile barua ya kuongezewa muda.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilihili ambao tunausahau, kiti kuachwa bila mwenyewe. Chande alizaliwa Januari 1952, tarehe yake ilijulikana miaka mingi kabla, lakini alipoondoka hakuna aliyeteuliwa. Profesa Juma akawa Kaimu kuanzia Januari 2017 mpaka Septemba. Miezi minane. Kwa miezi yote hiyo mkuu wa mhimili mzima yuko kwenye uangalizi, kama mfanyakazi mpya anayesubiri barua ya kuthibitishwa, na kesi nzito hazikusimama zikamsubiri. Kwa hiyo mtu yuleyule mmoja ameingia kwa kusubiri sahihi na ametoka kwa kusubiri sahihi, na makosa sio yake mwanzo wala mwisho.

Nakumbuka Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, niko kwa kinyozi, redio imewashwa, Jaji Mkuu David Maraga wa Kenya anasoma kwamba uchaguzi wa Rais wa Agosti umefutwa. Kinyozi akasimamisha mashine, nusu ya kichwa changu bado. Watu wote mle ndani wakawa wanasema ni kwa sababu ya ile intavyuu, yule hadaiwi na mtu. Siku kumi baadaye kwetu Profesa Juma akaapishwa kuwa Jaji Mkuu kamili.

Intavyuu ilisaidia, sikatai, tena iliwatoa mbali wenzetu, maana mwanzoni mwa 2011 Rais Kibaki alipendekeza jina bila kufuata utaratibu wa Katiba mpya mpaka likarudi, ndipo mchujo wa wazi ukampata Willy Mutunga. Ila mimi naona kilichomkalisha Maraga vizuri kwenye kile kiti siku ile ni kwamba anajua Januari 2021 anafika 70 na anaondoka, Rais akimpenda anaondoka, akimchukia anaondoka. Katiba yao inasema 70, au miaka kumi kwenye kiti, kinachotangulia. Hakuna kitu cha kumpa na hakuna cha kumnyima. Na aliondoka kweli Januari 2021.

Wala Kenya sio peponi. Mutunga alipotoka Juni 2016 na Maraga alipotoka 2021, mara zote ilichukua kama miezi minne kumpata mwingine, japo angalau wananchi walikuwa wanawajua walioomba na siku za usaili. Halafu Rais Uhuru Kenyatta alipelekewa majina 41 ya majaji mwaka 2019 akakaa nayo karibu miaka miwili, Juni 2021 akateua 34 tu. Anayedhani tukiwa na usaili wa wazi siasa itaisha aliangalie hilo.

Uganda nao wanatufundisha kwa uchungu zaidi. Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifika 70 mwaka 2013, umri wa kustaafu kwao, Rais Museveni akamrudisha kwa mkataba wa miaka miwili. Mbunge akaenda mahakamani, na 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haikubaliki. Bart Katureebe akaja kushika kiti Machi 2015. Hesabu mwenyewe, miaka miwili nchi inabishana kuhusu kiti kimoja, kwa kujaribu kumbakiza mtu ambaye alishafanya kazi yake na heshima yake alikuwa nayo tayari.

Ningeulizwa, ningekubaliana na watetezi wa kuongeza muda kuhusu umri, upandishwe uwe 70 kwa majaji wote wa Rufani, tusipoteze tena watu kama Ramadhani. Ila ukishapandishwa ule mlango wa kuongeza ufungwe kwa Jaji Mkuu, iandikwe wazi bila kuacha pa kubishania, uwekwe ukomo wa miaka kumi ili Rais asitafute kijana wa kumkalisha robo karne, na jina la anayefuata litangazwe angalau miezi mitatu kabla. Wapo wanaosema tarehe ikijulikana mapema majaji wataanza kufanya kampeni za chinichini. Inawezekana. Lakini hata sasa tarehe ya kuzaliwa ya kila jaji inajulikana, kwahiyo kama kampeni zipo zipo tayari, tofauti ni kwamba leo anayezifanya hajui kama nafasi itakuwepo kweli, na hiyo inamfanya awe makini zaidi kumfurahisha yule anayeamua.

Na wabunge wetu wakitaka kuligusa hili wafanye sasa hivi, Jaji Mkuu ndio kwanza kaingia. Wakingoja mpaka mtu afikishe 64 na nusu, chochote watakachoandika kitasomwa kwamba kimeandikwa kwa ajili yake, au dhidi yake.